Dada Mishi, Wamekutoa Katika Nasaba Yetu

Dada yangu Mishi,

Salamu zako nitakupa mwisho, kama zitabaki. Sasa hivi nimejaa hasira, na tangu utotoni wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza nikiwa nazo. Mama alikuwa akinambia ninyamaze. Wewe ulikuwa ukisogea kwenye mkeka, unanipa nafasi, unasema, "Haya, sema yote."

Basi nasema. Ami Hamisi amekufuta, dada. Amewaambia watu wa historia kwamba hukuzaliwa.

Ilikuwa hivi. Mwanangu Rukia, ambaye hukujaaliwa kumbeba, ameposwa. Kijana anaitwa Athman, wa Kisauni, nyumba ya walimu wa dini. Wazee wake waliomba kwa adabu waelezwe nasaba yetu: sisi ni kina nani, tumetokea wapi, tumeoana na nani. Nikamwendea ami, maana unajua baba alipotutoka tungali wadogo, yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba. Alifurahi kuulizwa. Akaegemea kiti chake, akanambia, "Nenda kwenye chama cha historia. Nimewaachia kila kitu pale, tangu babu zetu. Nilizungumza nao asubuhi nzima."

Chama chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mtaa, hapa hapa Likoni. Wanakusanya habari za nyumba za zamani: picha, hati za mashamba, sauti za wazee. Anayekitunza ni Mwalimu Kache, mama wa Kigiriama aliyestaafu kufundisha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniletea jalada la nyumba yetu limefungwa kwa utepe. Nilivimba kichwa, wallahi. Nilijiona mtu wa maana.

Nikalifungua. Babu yupo, na bibi, na watoto wao wote, hata yule aliyefariki kabla ya kutembea, jina lake limeandikwa. Chini ya jina la baba ulishuka mstari mmoja tu, na mwishoni nimeandikwa mimi. Saumu. Peke yangu, kama niliyelelewa kwenye nyumba tupu.

Nikadhani wamekosea kunakili. Mwalimu Kache akatoa picha aliyoileta ami, iliyokuwa kwenye bahasha. Unaikumbuka ile ya Idd, tuliyopigwa mbele ya mlango, mimi na gauni la rangi ya machungwa ulilonishonea mwenyewe? Imekatwa. Mkasi umepita ubavuni mwangu, ukanyooka mpaka chini. Aliyekata hakuweza kuutoa mkono wako, kwa sababu ulikuwa umeniwekea begani. Basi umebaki mkono, na bangili mbili, hauna mwenyewe.

"Mkono huu tumejiuliza sana ni wa nani," Mwalimu akasema.

"Wa dada yangu."

"Una dada?"

"Nilikuwa naye. Ni mkubwa wangu."

Alinivutia kiti. Alinivalisha vile vya kusikilizia masikioni, akaifungua sauti ya ami kwenye kompyuta. Nikamsikia kwa masikio yangu, kwa ile sauti yake ya kusomea hotuba: "Marehemu ndugu yangu alijaaliwa mtoto mmoja, wa kike, Saumu." Hakukohoa wala hakusita. Alitaja na mbuzi wa babu kwa majina yao, dada, halafu akakuruka.

Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani, sikumjibu mtu salamu njiani. Nilichokuwa nikikiona ni wewe. Nilikuona unanisuka ukumbini, magoti yako yamenibana ili nisikimbie, unanisomesha sura za Kurani kwa moyo ili nisiaibike chuoni. Nilikuona unaonja mbaazi na kusema zimekosa chumvi hata kama hazijakosa, upate kuonja tena. Ulikuwa ukicheka mpaka unakaa chini. Uliwahi kumwigiza ami anavyovaa kanzu, tumbo kwanza, na mama akacheka akajifunika uso kwa leso. Mtu kama huyo anafutwaje?

Anafutwa kwa sababu alikuwa akianguka. Nalisema hapa kwa jina lake, maana kwetu halikutajwa: ulikuwa na kifafa. Mara ya kwanza ulianguka chuoni, na mwalimu akasema ni pepo. Ami akakupeleka kwa waganga, ukafukizwa mpaka macho yakavimba. Kisha mama, kwa siri, akakupeleka kwenye zahanati, na muuguzi akakupa vidonge vya kumeza kila siku. Nakumbuka miezi ile. Hukuanguka hata mara moja. Ulianza kunenepa. Ulinambia, "Saumu, nikiendelea hivi nitarudi shule, nitakaa kwenye dawati moja na watoto wadogo, na sitaona haya."

Halafu ami akamwona mama kwenye foleni ya zahanati. Siku ile alikuja kwetu, hakuvua hata viatu. Tulikuwa chumbani, mimi na wewe, tumeshikana mikono. Alimwambia mama, "Shemeji, unapanga foleni ya wenye kifafa mchana kweupe? Nina binti zangu wa kuozwa. Nani atabisha hodi kwenye nyumba hii?" Mama akajibu, "Lakini mtoto anapona." Akasema, "Apone asipone, asionekane."

Ndipo vidonge vikakoma. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea unga na mafuta, na mama hakuwa na pa kwenda. Ukakatazwa kufika barazani. Ukakatazwa kufulia uani, walipokuwa wakifulia wanawake wote, usije ukaanguka majirani wakaona. Ukawa unafulia ndani, kwenye chumba cha kuogea, mlango umefungwa.

Na huko ndiko ulikoangukia. Uliangukia beseni kifudifudi, dada. Beseni la maji ya kusuuzia, yasiyofika hata kwenye kiwiko. Ungekuwa uani, Bi Fatuma wa jirani angekuinua, na wanawake wengine wangekupepea, na jioni ungekuwa unaonja mchuzi. Ulikufa kwa sababu ya mlango uliofungwa ili watu wasikuone. Na bado haikutosha. Baada ya miaka yote hii, mtu yule yule amekwenda mbele ya watu wanaotunza kumbukumbu akakufungia mlango mwingine.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake Bofu. Amezeeka, anatembea kwa bakora, na nilijiambia nitampa heshima zake. Nikamwamkia. Nikakaa. Nikamuuliza, "Ami, Mishi yuko wapi kwenye jalada?"

Akaivuta bakora yake karibu. "Yale ni mambo ya ndani."

"Na mimi ni wa nje? Mbona mimi nimo?"

"Saumu, usiwe mtoto. Una binti anaolewa. Wale watu wa Kisauni wakijua, wataondoka. Mimi nimemsitiri Rukia wako. Ulitakiwa unishukuru."

"Hukumsitiri Rukia. Rukia hakuwa amezaliwa ulipomfungia dada yangu ndani."

"Chunga ulimi wako!"

"Nimeuchunga maisha yangu yote, ami. Leo nimechoka."

Aliinua bakora yake akaelekeza mlangoni. Nikaondoka. Sikungoja hata kuvaa viatu vizuri, nikavikanyaga visigino.

Nikapitia kwenye chama, na Mwalimu Kache akanieleza utaratibu wao. Maneno ya mzee hayafutwi na mwingine, lakini mtu wa nyumba ile anaweza kuongeza yake, mradi alete na mtu mwingine aliyeyaona. Nikarudi nyumbani na uzito huo. Maana ami, pamoja na ubaya wake, alikuwa ameniponda mahali panapouma. Nikikurudisha wewe, huenda nikamvunjia mwanangu posa yake. Nilizunguka jikoni, nikaunguza wali. Rukia akaingia kutoka kazini, akalizima jiko, akanambia, "Mama, kuna nini?" Nikamweleza yote. Hakuwa akijua hata kwamba ulikuwepo, dada. Mwanangu wa kumzaa. Ami alikuwa amefaulu kiasi hicho, na mama alikufa hajatamka jina lako mbele ya mjukuu wake.

Rukia anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Changamwe. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso. Kisha akasema, "Dawa hizo nazitoa kila siku. Watu wanazichukua wakizificha chini ya buibui, kama wameiba. Alikuwa anaitwa nani, umesema?"

"Mishi."

"Mama mkubwa Mishi." Akalirudia tena, taratibu, kama anayejifunza. Akachukua simu yake, akatoka uani, nikamsikia akimwambia Athman kila kitu. Sikumtuma. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini akasema tu, "Nenda kesho, mama. Usiningoje mimi."

Nikaenda na Bi Fatuma. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nilimshika mkono mpaka kwenye kiti. Mwalimu akamuuliza kama aliwahi kumfahamu mtoto wa kike aitwaye Mishi katika nyumba ile. Bi Fatuma akakasirika, akadhani anachezewa. "Kumfahamu? Nimemkosha mimi, kwa mikono yangu hii, siku ya maziko yake! Nywele zake zilikuwa nyingi, tulizisuka mafungu matatu. Nani amesema hakuwepo?" Mwalimu Kache alikuwa akiandika, akaacha, akajifuta macho, akaendelea.

Nami nikasema yangu. Nilisema ulizaliwa kabla yangu. Nilisema ulikuwa fundi wa cherehani, na msomaji, na mwigizaji wa watu wakubwa. Nilisema ulikuwa na kifafa, kwamba dawa yake ilikuwepo na ulinyimwa, na ni nani aliyekunyima. Mwalimu akaniuliza kama nina hakika nataka jina la ami libaki. Nikamwambia libaki.

Sasa nikwambie yaliyonitia hasira zaidi, ambayo sikuyatarajia.

Watu wa Kisauni walikuja. Nilitandika mikeka huku nimejiandaa kwa matusi, nimeyapanga na majibu kichwani. Mjomba mmoja hakuja, alituma udhuru, na kila mtu alijua udhuru gani. Waliobaki walikaa, na mamake Athman akaniuliza juu yako, waziwazi, ulikuwaje na uliuguaje. Nikamweleza. Akasema, "Allah amrehemu, na amweke pema." Wakanywa kahawa, wakala na halua, wakaomba tuangalie mwezi gani unafaa kwa nikaha.

Basi! Ndiyo hiyo aibu iliyokuua, dada. Hiyo ndiyo siri iliyofungiwa milango. Watu waliambiwa, wakakuombea, wakanywa kahawa. Niliwasindikiza nikicheka vizuri, nikarudi ndani nikapiga ukuta kwa kiganja mpaka Rukia akanishika.

Na la pili. Ami alisikia kwamba nimeongeza maneno. Alikwenda kwenye chama bila kumwambia mtu, amekodi tuktuk, akamtaka Mwalimu Kache ayatoe. Mwalimu akakataa. Akamwambia, "Mzee, nawe ukiwa na la kuongeza, kaa hapa useme." Ungedhani ataondoka. Alikaa. Baadaye Mwalimu aliniita nisikilize sauti aliyoirekodi, akasema nina haki.

Kwanza analalamika, kwamba mimi nimekosa adabu, kwamba zamani mambo hayakuwa rahisi. Kisha unasikia feni tu inazunguka. Halafu anasema, na hii si sauti yake ya hotuba, "Alikuwa akiniletea maji ya kutawadhia kabla sijayaomba. Alijua nyayo zangu." Mwalimu anamuuliza kama angependa maneno yake hayo yafutwe. Anasema, "Yaache."

Mwalimu Kache alinitazama kama anayengoja nilie. Sikulia. Niliwaka moto, Mishi. Miaka yote nilijifariji kwamba ami ni mzee, amesahau, moyo wake umekauka. Kumbe hakusahau. Alikuwa akikukumbuka kila anapotawadha, na kwa mikono hiyo hiyo akashika mkasi. Watu wananambia sasa nimsamehe, ameshasema, ana umri gani tena. Pengine ipo siku. Leo siwezi, na sitajilazimisha ili wao wastarehe.

Lakini sasa umo. Baba ana mistari miwili inayoshuka, na wa kwanza ni wako, kwa kuwa ndiwe mkubwa. Rukia ameniuliza ulikuwa ukipenda rangi gani, nimemwambia zambarau, na ameshonesha gauni la siku ya pili ya harusi, la rangi hiyo, bila kunieleza ni kwa nini.

Salamu zako hizi hapa, zimebaki kidogo. Lala salama, dada. Mungu akupe nafasi kubwa, yenye milango wazi. Usinisubiri nitulie. Mimi bado nina ugomvi huku, na ugomvi wenyewe ni wako.

Mdogo wako uliyemsuka,
Saumu