Duara la Watu Hamsini na Wawili

Jumatatu, 9 Septemba

Bi Hilary, mzee wa kanisa letu, katoa kijitabu. Miaka mia nane ya kanisa, kurasa arobaini. Popo wa darini wamepewa ukurasa mzima! Mnara, eti, "umesimama imara tangu ujengwe." Miezi kumi na tisa uliegemea mabomba yangu 1,140 ya jukwaa la ujenzi, bure — na jina langu halimo hata chini ya popo.

Jumanne, 10 Septemba

Kumbe Hilary kamwandikia askofu, ambaye anafunga makanisa matupu. Kamwambia kila Septemba kijiji kizima tunashikana mikono kulizunguka kanisa, kama mababu. Mwaka jana tulikuwa kumi na wanne. Tulikumbatia mlango! Sasa mjumbe wa askofu anakuja Jumapili kulitazama duara. Lisipokamilika, kanisa ndiyo basi tena.

Kaja yadi kwangu. "Brenda mpenzi, wewe hesabu unaziweza."

Nikamwambia watu nitaleta. Kushikana naye mkono — ng'o.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepima. Mita 78. Mtu akinyoosha mikono, mita moja na nusu. Watu 52.

Waumini, bila mimi: 13. Wa yoga, wanaojikunja chini ya mnara kila Jumatano: 10. Foleni ya posta, iliyohamia chumba cha padri: 11 (nimewaahidi keki). Wacheza vishale wa baa: 8. Vijana wangu wa kazi: 10. Imetimia!

Dez, msimamizi wangu: "Bosi, mimi Mungu simwamini."

"Nani kakuuliza? Mikono unayo miwili?"

Jumapili, 15 Septemba

Wamekuja wote. Ila viwiko! Watu wamejuana miaka thelathini, wanashikana kwa ncha za vidole, viwiko vimebana mbavuni. Pengo mita tisa. Nikapiga kelele: nyoosheni! Likawa mita tatu. Likagoma kwenye 1.45, kati ya Dez na Bi Hilary. Mjumbe kavua miwani.

Dez: "Bosi, mbona hilo pengo saizi yako?"

Hilary kaninyooshea mkono. "Brenda, njoo basi."

"Mnara ulishikwa na nini, Hilary?"

Kamtupia mjumbe jicho. "Brenda, watu mikono inawauma!"

Nimekaa juu ya kaburi, naandika. Nimemwambia Hilary asubiri. Sasa kasema kitu kama "mabomba ya Brenda", midomo haifunguki vizuri. Nimemwambia arudie kwa sauti — wa nyuma ya kanisa hawajasikia.