Utepe wa Harusi ya Mwaija

Korogwe, Mei 1972

Mdogo wangu Sadala,

"Utepe ulioota ukungu ni takataka, na hata ungesikika, ungethibitisha tu kwamba marehemu mama hakumtaka mke wangu Mwaija." Hayo umeyaandika wewe. Umekosea mara mbili, kama kawaida yako.

Mimi na Dilip, fundi redio, tuliuanika kivulini, tukaufuta kwa kitambaa laini, tukauzungusha kwa mkono. Rekoda tuliisafisha kwanza kwa spiriti, maana mashine chafu hula utepe. Mbuzi wako, kwa taarifa, amezaa mapacha.

Zikaanza ngoma, vigelegele, kisha mama, aliyedhani rekoda inapiga picha: "Sogeeni huko, mmemziba mwanangu Mwaija. Mashine haimwoni." Dilip alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitafuta leso.

Alisema mwanangu. Kwa uzushi wa mashangazi kwamba mama hamtaki, Mwaija hajakanyaga kwetu Handeni tangu harusi, na mama amekufa akimngoja.

Shemeji Mwaija, najua nawe unaisoma barua hii. Idi ijayo njoo nyumbani Handeni usikie mwenyewe. Na wewe Sadala, lete betri mpya, kisha ukae nyuma, usimzibe.

Ni mimi kaka yenu,
Kibwana