Kipande cha Poplini Nyeupe

Jumanne, 6 Machi 1956. Tarime
Kaptula tatu za khaki, viraka viwili. Mgongo unawaka tangu saa nne. Miaka tisa nimeinama juu ya cherehani kibarazani kwa tajiri mwenye duka la vitambaa, na sasa nikisimama nanyooka nusu tu.

Babu Jivan, baba yake tajiri, amepita sabini na amenyooka kama msumari. Kila alfajiri huketi uani juu ya mkeka, anajikunja, anajikunjua, anavuta pumzi taratibu. Anaiita yoga. Leo nimemwomba anifundishe ya mgongo tu. Kakubali. Kesho.

Jumatano, 7 Machi
Nimefanywa mjinga. Nimefika kabla ya jua na mkeka wangu kwapani, na mzee hakunionyesha hata kunyoosha mkono. Eti mikao ya mwili ni ngazi ya tatu. Ya kwanza ni namna ninavyoishi na watu: nisimuumize mtu, niseme kweli, nisichukue kisicho changu. Nijaribu siku kumi, kisha nirudi.

Nimeomba dawa ya mgongo, nimepewa amri za Mungu! Hizo ninazo, nilifundishwa misheni. Mimi si mwizi. Nimerudi na mkeka wangu huku wauza maziwa wananicheka.

Ijumaa, 9 Machi
Bhoke, mjane wa huku kwetu, ameleta yadi tatu za poplini nyeupe. Gauni la kipaimara la binti yake Robi, Jumapili ya wiki ijayo. Ameuza kuku wake wote. Kaniachia kitambaa, kaenda zake.

Nimekata. Nikabana mikono, nikapunguza pindo, kikabaki kipande kizuri. Kimeingia kwenye gunia chini ya cherehani. Kila fundi ana gunia lake. Mteja akiuliza, unasema kitambaa kimeishia kwenye mshono. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hilo siku ile ile aliyonifundisha kutunga uzi. Mke wangu Gati anataka blauzi ya Jumapili hiyo hiyo. Ataipata.

Mzee alikuwa mlangoni akichambua dengu. Akalitazama gunia. Nimekasirika mchana kutwa kwa neno ambalo hakulisema.

Jumatatu, 12 Machi
Nimelipuka. Tajiri alikuwa akimpimia mama mmoja kaniki, na kama kawaida yake akaivuta kwenye fimbo ya yadi karibu ichanike, ili kitambaa kidogo kionekane yadi nzima. Nikamfuata mzee uani. Shikamoo Babu, nikasema, lakini kamfundishe mwanao kwanza! Kweli unamhubiria fundi wa kibarazani, mwenye duka unamwacha? Nilijua nafukuzwa.

"Nimemwambia miaka ishirini, fundi," akasema. "Hataki. Wewe ulikuja mwenyewe kuniuliza."

Jibu gani hilo? Nilitaka anigombeze. Mtu akikugombeza unapata pa kushika.

Alhamisi, 15 Machi
Robi kaja kujaribu gauni. Limembana kwapani, magoti yako nje. Mama yake akaniuliza, "Fundi Marwa, yadi zote tatu zimeisha?" Nikasema zimeishia kwenye mshono.

Akamgeukia mtoto. Akamgombeza kwa kurefuka ovyo, kwa kula kama ng'ombe. Na Robi akasema, "Nisamehe, mama." Akaomba radhi kwa sababu ya mwili wake! Mimi nimesimama hapo na futi yangu ya kupimia shingoni.

Nina hasira na mzee. Na tajiri. Na aliyenifundisha kazi. Na Bhoke kwa kuniamini. Nimewamaliza wote, na hasira bado ipo.

Jumamosi, 17 Machi
Blauzi ya Gati nilikuwa nimeshaikata, mbele na nyuma. Nimeviunga vipande vile, nikatia marinda chini ya gauni na kiraka kila kwapa. Ukitazama kwa karibu utaona viungo.

Nimeupeleka mzigo mwenyewe hadi kwa Bhoke. Nikamwambia kitambaa hakikuisha, nilikificha. Hakupiga kelele. Kaniuliza, "Na yale mashuka uliyonishonea mwaka juzi?" Nikasema na yale pia. Akachukua gauni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Gati hanisemeshi.

Jumapili, 18 Machi
Robi kapita mbele ya Askofu, marinda chini ya magoti. Hakuna aliyeangalia viungo. Gati alivaa blauzi ya zamani. Nje ya kanisa Bhoke kanipita bila salamu. Ni haki yake.

Jioni nimekwenda uani na mkeka. Mzee hakuuliza kitu. Kaniambia niketi, niweke mikono magotini, nivute pumzi. Basi, ndiyo hiyo tu. Mgongo unauma vile vile.

Gunia bado limejaa. Kesho naanza kurudisha vipande, kwanza vya mashuka ya Bhoke.