Kibuyu cha Gidamis

Mama Belinda,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Kuku nimeshawafungulia. Dawa yako ya presha umeiacha dirishani, imeze kabla hujatoka.

Mimi naenda Dirma kwa Gidamis. ~~Nitalala huko.~~ Narudi jioni.

Asubuhi ulinicheka suruali ilipogoma kufungwa, ile aliyoipunguza fundi baada ya mimi kupasuliwa tumbo ili nipungue. Nilicheka na mimi, lakini iliniuma. Halafu Belinda akapiga simu: "Baba, kilo zimerudi zote. Daktari anasema unaweza kupasuliwa tena." Wewe ukadakia, "Watakata nini tena? Mara ile nusura unifie!"

Ugali hauniingii, unajua. Tumbo walilonibakishia ni dogo. Lakini maziwa yanapita. Tangu tulipokuwa tukiswaga ng'ombe na Gidamis kwenda mnadani Katesh, kila boma tulipopumzika tulipewa kibuyu, maziwa mgando yananukia moshi, na sijawahi kukataa. Ujana wangu wote umo mle. Hadi leo nikizunguka nakunywa kila nyumba, nikirudi nakwambia sijala kitu. Kweli sijala.

Sasa leo nitakaa kwa Gidamis, kibuyu kitakuja, nami nitakirudisha kimejaa. Atanuna, maana kwao kukataa maziwa ni kumkataa mtu. Nikiweza kwake nitaweza popote, na kisu hatukihitaji. Nikishindwa nitakwambia mwenyewe, sitakuficha. Hapo mpigie Belinda aniandikishe hospitali, na safari hii usilie.

Mzee wako,
Baba Belinda