Sahani ya Baba Justa

Jumanne, 1 Agosti 1995

Kliniki leo. Mke wangu Selina yuko sokoni na mitumba yake, kwa hiyo nimekwenda mimi — mwanaume peke yangu kwenye benchi la akina mama. Justa kaning'inizwa kwenye mzani, kalia. Uzito ule ule wa mwezi uliopita, na wa mwezi wa kabla yake. Nesi akanionyesha mstari kwenye kadi. Umelala kabisa.

Akauliza namlisha nini. Nikasema uji, na sukari. Akasema uji mtupu unajaza tumbo tu. Katikati ya milo nimpe vitafunwa vya kujenga mwili — yai, dagaa, karanga za kutwanga, dengu. Kidogo kidogo, maana tumbo lake si kubwa kuliko ngumi yake.

Nikaitikia kama mwanafunzi. Miaka yote ile nilikuwa mtunza stoo kiwandani na stoo yangu haikuwahi kupungukiwa hata uzi. Kiwanda kimeuzwa, tumepunguzwa. Nimekabidhiwa mtoto mmoja na huyo ndiye anayepungua. Nimerudi nyumbani Mkolani kwa miguu nikiwa nimembeba, na njiani sikusalimiana na mtu.

Jumatano, 2 Agosti

Nimemsimulia Selina. Akasema mama yake ametuma salamu kutoka Sengerema, anakuja mwezi huu huu. Akisikia habari ya mzani atamchukua Justa. Kwao mtoto akishaachishwa ziwa anakwenda kwa bibi mpaka apate akili. Selina mwenyewe alilelewa hivyo.

Siwezi kusema vibaya juu ya mama mkwe. Uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Jina lake silitaji, hata humu ndani.

Lakini Justa simtoi.

Ijumaa, 4 Agosti

Kazi imeanza. Dagaa wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakavu, hawana mchanga. Nimewachambua vichwa, nimewakaanga bila mafuta, nimetwanga, nimechekecha. Karanga nimezitwanga pembeni. Nimechanganya na asali kidogo nikafinyanga vidonge, vyote saizi moja. Kazi safi. Nilivipanga kwenye bakuli lake la bluu nikasimama kuvitazama.

Justa kaweka kimoja mdomoni. Kakitoa. Kakirudisha bakulini, kwa adabu kabisa.

Jumatatu, 7 Agosti

Yai la kuchemsha — kakataa. Michembe ya viazi vitamu vikavu niliyoichemsha na karanga — kailamba, kakataa. Nimekwenda mjini dukani kwa Jasuben, yule mama wa nafaka, nikamweleza shida yangu. Wao kwao nyama hawali, samaki hawali, na wajukuu wake wamenona. Akasema dengu ziloweke usiku kucha, zichemshe mpaka zilainike, ziponde na chumvi na bizari, kaanga vibapa vidogo. Akanipimia dengu mwenyewe na kunionya nisizidishe bizari.

Vimetoka vizuri. Nimevila vyote mimi. Justa kanitazama tu.

Alhamisi, 10 Agosti

Leo nilimchoka. Nilimwekea bakuli lenye yai, akalisukuma. Nikaliacha hapo hapo mkekani. Nikachukua sahani yangu — ugali wa asubuhi na dagaa wa kukaanga, wazima na vichwa vyao — nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma na kumpa mgongo. Ndiyo, nilimnunia mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Akaja. Akashika goti langu, macho kwenye sahani. Nikamwambia usidoee, hii ya baba. Imenitoka tu. Kwetu sahani ya baba ilikuwa haiguswi, na mtoto aliyeizengea alitumwa maji kisimani.

Akanyoosha mkono, akachukua dagaa na kichwa chake. Akatafuna. Nami nikatafuna. Akachukua mwingine. Nikiacha kutafuna, naye anaacha, ananingoja. Nikianza, anaanza.

Nikanyanyuka taratibu, nikachukua lile yai alilolikataa, nikaliweka kando ya ugali wangu. Akalibeba mbio mbio kama kibaka wa sokoni. Kalimaliza.

Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumamosi, 12 Agosti

Kumbe hataki chakula cha peke yake. Bakuli lile la bluu lilimtenga, kama mgonjwa. Sasa kila kitu kinakaa kwenye sahani yangu, na lazima nami nile. Saa nne vibapa vya dengu. Mchana dagaa. Saa kumi yai, tunagawana. Hata vile vidonge vyangu vya asali kavikubali, maadamu vimelala karibu na tonge langu.

Dorotea, jirani, kachungulia juu ya ua mara ya tatu leo akanikuta nakula. Akauliza, "Baba Justa, una mimba wewe?"

Mkanda nimeulegeza tundu moja. Sijali. Selina kesho anapumzika, nitamwonyesha.

Jumapili, 13 Agosti

Selina kaona. Kacheka mpaka akakaa chini. Kisha kamshika Justa mkono, kaupima kwa vidole vyake, kasema kidogo umejaa. Kidogo.

Jumatano, 16 Agosti

Mama mkwe amefika kwa pantoni ya asubuhi, kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Analala kwa mdogo wake, huku huku Mkolani, mchana yuko kwetu. Alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Nikamwamkia kutoka nje ya ukuta — shikamoo mama. Marahaba, mwanangu. Basi, yakaishia hapo.

Mkwe na mkwe hawali mahali pamoja. Mmoja akinawa mikono, mwingine anatafuta pa kwenda. Nimeshinda kwa Machibya nikimwangalia anaziba pancha za baiskeli. Niliporudi jioni uji ulikuwa umejaa bakulini, umeganda. Mtoto hakugusa kitu. Angegusa vipi? Sahani yake ni yangu, na yangu haiwezi kukaa mbele ya bibi yake.

Alhamisi, 17 Agosti

Vile vile. Nilitaka kumchukua Justa tukale kwa Machibya. Haiwezekani, bibi hamshushi mgongoni. Anampenda. Hilo naliona hata nikiwa nje ya ukuta. Anamwimbia Kisukuma, anampikia maziwa, anambembeleza kijiko kwa kijiko. Justa anafunga mdomo.

Ijumaa, 18 Agosti

Mama mkwe amesema na Selina. Mtoto ni mifupa, siku mbili hajala mbele ya macho yake, na baba hata nyumbani hashindi. Kesho wanaondoka na pantoni ya mchana.

Selina akamweleza habari ya sahani. Bibi kwanza alicheka. Halafu akasema, "Nitayaonaje hayo, mwanangu? Akila mumeo, mimi natoka. Kitu nisichokiona sikiamini." Na kwa kweli siwezi kumlaumu.

Nikamwuliza Selina yeye anasemaje. Akasema labda ni heri, nitapata nafasi ya kutafuta kazi, wanaajiri kwenye viwanda vya minofu ya samaki. Hakusema kwa ubaya. Amechoka, anatoka alfajiri anarudi jioni, na mama yake ni mama yake.

Niandike tu hapa. Namtaka mtoto wangu. Si kwa sababu ya mzani peke yake. Asubuhi watu wote wakishakwenda kazini ni yeye anayenijua mimi ni nani. Kliniki ni mwezi ujao, na pantoni ni kesho.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeamka nikapika. Kwa mbalamwezi hii taa za wavuvi hazivuti dagaa, wamepumzika, nilibakiwa na kikombe kimoja. Nimewakaanga wote wakavu, wanalia mdomoni. Yai nimelikata vipande. Vibapa vya dengu. Ugali kidogo.

Mama mkwe alikuja na khanga mpya na kifurushi cha nguo za Justa kikiwa tayari kimefungwa. Mimi sikutoka. Nilitandika mkeka katikati ya uwanja nikaketi na sahani yangu. Nikasema kwa sauti, nikiutazama ua, kwamba mama anisamehe, leo nitakula hapa.

Selina akaniita, "Elias." Mara moja tu.

Mama mkwe hakutoka. Nilidhani atatoka. Nimesikia stuli ikiburutwa hadi mlango wa jikoni, na Selina kaniambia kwa mnong'ono kwamba kakaa akitupa mgongo, khanga kichwani. Kamshusha Justa chini.

Nimechukua daftari hili ili nipate pa kuweka macho. Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unakula. Mama mkwe anisamehe na hilo pia, la mkono wa kushoto.

Justa kaja. Goti. Dagaa mmoja. Wa pili. Yai. Natafuna, anatafuna. Selina anahesabu kwa sauti kama mnadani, ili mama yake asikie — kala yai, mama, kala dengu. Kusikia siyo kuona, najua.

Sasa Justa kachukua dagaa mkono mmoja, na mwingine mkono wa pili. Anaondoka. Nasema Justa, njoo. Haji. Anakwenda kwa bibi yake.

Selina kaacha kuhesabu. Ananiambia, polepole, kinachoendelea. Justa kazunguka mbele ya stuli. Kafunua khanga. Kampa bibi dagaa mmoja kiganjani, mwingine kabaki naye mwenyewe. Kutoka kwenye sahani yangu, chakula cha mkwe! Bibi kampokea dagaa. Hamtupi. Hamli.

Na Justa naye hali. Kasimama mbele yake, dagaa wake karibu na mdomo, anamngoja bibi aanze. Ndivyo nilivyomfundisha, bila kujua.

Pantoni itapiga honi huko mjini, hapa haisikiki. Selina naye hasimulii tena. Siwezi kugeuka, sitageuka. Daftari linateleza kwa mafuta.

Nasikia mtu anatafuna. Sijui ni yupi kati yao.