Chuma Kina Kiburi, Mbegu Ina Huruma

Karakana ya chuma,
Mlango wa pili ukitoka kisimani.
Siku ya soko, mwezi wa mvua.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo wewe? Hajambo mumeo? Hajambo mjukuu wangu, na meno yake yameshatoka yote? Pokeeni salamu zangu, nzito kama fuawe ninalofulia chuma, maana salamu nyepesi hutumwa na watu wenye vikono vya kushikia sindano. Anayekuandikia ni baba yako, Nyundo Isiyolala, Mwalimu wa Misumari, Yeye Ambaye Moto Humwamkia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumlipa mtu wala kumbembeleza. Ukiona mwandiko ni mgumu kusomeka, lawama ni ya karatasi.

Mimi sijambo. Mama yako anakusalimu. Anaumwa.

Nitafika huko. Kwanza nijibu swali la mjukuu wangu, maana mtoto akiuliza hangojeshwi.

Uliandika kwamba anauliza kwa nini babu yake akifanya kazi anapayuka, na baba yake akifanya kazi anageukia ukutani. Swali zuri, akili hizo amezitoa kwangu. Mwambie hivi: kila kitu kina tabia yake, na kila watu wamejifunza tabia ya kitu chao. Chuma kina kiburi. Ukikibembeleza kinakudharau. Sharti usimame mbele yake ujipige kifua mpaka kijione si lolote, hapo ndipo kinalainika na kuwa kile ulichokiambia kitakuwa. Ndiyo maana sisi Wafua Chuma tunazaliwa na domo. Si matusi, ni kifaa cha kazi kama koleo.

Uzi nao una haya. Watu wa mumeo, Wafumaji, wanaufuma wameupa mgongo, mikono nyuma, kwa sababu uzi ukitazamwa unajikunja kama bi harusi. Unakumbuka siku ya posa? Mumeo alikaa sebuleni kwangu akatazama ukuta tangu chai ilipoletwa mpaka alipoaga. Nikamwambia mama yako jikoni, "Huyu kijana ananipa kisogo ndani ya nyumba yangu?" Mama yako alicheka akashikilia mlango asianguke. Kumbe ndiyo heshima yao, wanayempenda hawamkodolei macho. Nilimsamehe, ingawa sikufanya haraka.

Na mbegu ina huruma. Hapo ndipo penye barua hii.

Ilianza kwa miguu. Mama yako, yule aliyekuwa akibeba gunia la makaa kichwani huku ananitukana bila kupumzika, akawa anashika ukuta akienda uani. Tukasema ni baridi. Halafu ugonjwa ukapanda mikononi. Sasa kijiko kinamlemea. Mdomo peke yake ndio mzima, na namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa wa kutukanwa ni mimi.

Nilijaribu la kwetu kwanza. Nilifua kitanda kipya cha chuma, na sijapata kujisifu vile tangu nianze kazi. Nilikiambia chuma kwamba mimi ndiye niliyeuinua mlingoti wa kengele ya soko, sembuse mwanamke mmoja mwembamba. Nilipayuka mpaka jirani zetu wakafunga madirisha. Chuma kikasikia, kikatii. Kitanda kile hakitikisiki hata ukikirukia na farasi. Mama yako amelala juu yake, vilevile kama alivyokuwa kwenye kile cha zamani.

Basi akaitwa mwanamke mmoja wa Wapandaji, watu wa mbegu. Mtaani wanamwita Bibi Udongo, kwa sababu kucha zake hazijawahi kuwa safi. Alikuja na bakuli la udongo, akafukia mbegu moja, akaliweka chini ya kitanda upande wa kichwa. Akaniambia, "Mzee, mbegu haimwotei mwenye nguvu. Inamwonea huruma aliyeishiwa. Anayelala chini ya paa moja na mgonjwa aweke kiganja hapa, aseme amefika mwisho wake. Ikimhurumia itamea, na mgonjwa atainuka nayo."

Nikamwambia, "Aseme jirani."

"Jirani analala humu?"

"Basi atasema binti yangu, kwa barua."

"Mbegu inajua kusoma?"

Mtu wa majibu yule mama. Angezaliwa kwetu angefua hata meli.

Wewe umekulia karakana, unajua shida iko wapi. Sisi hatulisemi neno lile. Mfua chuma akishiba hasemi chakula kimemshinda, anasema amewaachia wengine. Akiona kazi ngumu anasema kazi hiyo bado haijapata bahati ya kukutana naye. Unakumbuka habari ya baba yangu mdogo na kabati. Walikuwa wanahama nyumba, akalishika upande mmoja, mgongo ukalia, akasema, "Hili limenishinda." Basi, neno hilo tu. Kulikuwa na msumari ukutani, nao ukasikia. Vyuma ni wambeya, kufika jioni koleo limejua, nyundo imejua. Tangu siku hiyo hakuna chuma kilichomtii tena, hata sindano. Alimalizia siku zake akiuza mkaa kwa watu aliokuwa akiwacheka.

Lakini nisikudanganye kwamba ni kuogopa kuuza mkaa. Kwa mama yako ningeuza hata majivu. Nilikubali. Niliondoa kila chuma chumbani, hata bawaba, mlango ukabaki umeegemezwa tu. Kile kitanda nikakifunga mablanketi miguu yote kama mtu aliyevunjika. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja kwenye udongo, nikafumbua mdomo. Unajua kilichotoka? Nilisema, "Mimi, katika kushindwa, hakuna anayenishinda mji huu mzima."

Bibi Udongo akaniuliza, "Mzee, hata kwenye kushindwa unataka uwe wa kwanza?"

Nikarudia. Nikasema mwisho nilioufikia mimi hajawahi kuufikia fundi yeyote. Akaondoka akitikisa kichwa. Kesho yake nikajaribu peke yangu, na kesho yake tena. Mwanangu, ulimi umezoea. Huu ulimi nimeufua miaka yote uende upande mmoja, nikiuvuta huku unarudi kule. Wala si ukaidi, ingawa mama yako anasema ni ukaidi.

Naye pia hanisaidii. Nilipokuwa pale chini nimepiga magoti alinisikia, akasema, "Wewe, inuka hapo. Ukilisema hilo neno mimi nitakuwa mke wa nani?" Nikamwambia anyamaze, mgonjwa haulizwi. Akasema, "Ndugu zangu walinikataza wakaniambia nitaolewa na domo. Nikawajibu ndilo ninalolitaka. Sasa unataka kunigeuzia?" Kisha akafumba macho, maana kusema kunamchosha.

Sasa niambie, mwanangu, hapo mwanamume anafanya nini? Nikinyamaza, anakwisha mbele yangu. Nikisema, yeye mwenyewe hataki. Nikijaribu kusema, natoa majigambo. Ninakaa kwenye kigoda, natazama bakuli. Udongo ni udongo.

Usianze safari. Mvua imekula barabara ya bondeni na wewe una mtoto mgongoni. Nakukataza, na unajua nikikataza

Niliachia hapo, mama yako aliomba maji.

Nimerudi sasa, na ni siku nyingine. Mwandiko utauona umebadilika.

Nilichukua kikombe. Unakijua, kile cha chuma nilichomfulia wakati wa harusi, ambacho hakijawahi kuvuja wala kushika kutu. Katika kuondoa vyuma chumbani sikukikumbuka, kilikuwa jikoni siku zote. Nikapitisha mkono mmoja chini ya shingo yake nimwinue, mkono wa pili nimeshika kikombe. Mkono ule ule uliomvusha mto siku ya kumleta, watu wamejipanga kingo mbili wanapiga vigelegele. Kichwa chake kikawa kizito. Yeye ni mwepesi, mwanangu, siku hizi ni mwepesi kama nguo, lakini mkono ukatetemeka. Maji yakamshuka shingoni. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Siwezi, mke wangu. Nisaidie kidogo."

Akafumbua macho. "Umesema nini?"

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia. Na kikombe kimesikia."

Tukakitazama wote wawili. Kilikuwa kikombe tu.

Bibi Udongo alikuwa mlangoni, amekuja kumwagilia mbegu yake. Alinishika kifundo cha mkono kama mtoto anayepelekwa kunawa, akakibandika kiganja changu kwenye udongo. "Rudia."

Nikarudia. Maji yakimwagika hayazoleki, na yalikuwa yamemwagika kweli, blanketi lote limelowa. Nikaiambia mbegu siwezi kumwinua. Nikaiambia siwezi kumpikia uji usiokuwa na madonge. Siwezi kujua anaumia wapi kwa sababu anaficha. Siwezi kulala akikohoa, wala siwezi kulala akiacha kukohoa. Nikaiambia kwamba akinyamaza huyu, sijui nitajisifu kwa nani. Bibi Udongo akasema, "Inatosha, mzee." Nikawa siwezi kuacha pia.

Halafu nikaenda karakana. Moto ulikuwa umelala. Nikavuta mvukuto ukaamka, kwa shingo upande. Nikachukua msumari mmoja, kitu ambacho nilikuwa nakifua nikiwa nasinzia, nikausimamia, nikajipiga kifua, nikautajia majina yangu yote. Msumari ukanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Niligonga mpaka ukapoa. Ulibaki umepinda.

Kelele alikuja kusimama mlangoni. Yule jirani yangu mfua chuma, ambaye tangu ujana tunashindana nani ana domo kubwa, na wewe ni shahidi ni nani anayeshinda. Nilingoja anicheke. Alivua kofia, akaushika mlango, akaondoka bila kusema. Kelele kunyamaza, mwanangu, hapo ndipo nilipojua mambo yangu yamekwisha.

Mbegu haijamea. Nimeinama kuitazama mpaka kiuno kinalia. Bibi Udongo anasema mbegu haisukumwi, huenda imenihurumia na huenda inanifikiria. Nilimuuliza kuna lingine la kufanya, nyundo yoyote, dawa yoyote, safari yoyote, niambie niende. Akasema hakuna. Kukaa tu. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa, na sijapata kufanya kazi mbaya kama hii.

Mchana huu mama yako hakupata usingizi. Anageuza kichwa huku na huku, mwili uliobaki haugeuki. Akaniambia, "Jigambe kidogo nilale."

Nikamwambia, "Yamekwisha, mke wangu. Hakuna chuma kinachonisikia."

"Nimekwambia nina chuma hapa? Jigambe."

Basi nikavuta kigoda. Nikamwambia mimi ndiye niliyefua bawaba za lango la mji, likifungwa hata upepo unaomba ruhusa. Nikamwambia ule mto siku ile nilikuwa naweza kumvusha yeye na mama mkwe na mbuzi wa mahari, mkono mmoja, mwingine nanywea chai. Akasema, "Mama yangu usingemweza." Nikasema ningemweza na maneno yake yote. Yalikuwa maneno matupu, hayakulainisha kitu chumbani. Alilala katikati ya majigambo yangu, kama zamani, kabla sijafika kwenye mlingoti wa kengele. Nilimalizia hata hivyo, kwa sauti ya chini.

Analala sasa nikiandika. Kifua kinapanda na kushuka. Bakuli liko pale pale.

Nina ombi kwa mkwe wangu, nami si mtu wa maombi, anajua. Amfumie mama yako shuka. Nyepesi, kwa sababu nzito zinamchosha. Na ageuke atakapokuwa anafuma, aupe uzi mgongo wote atakao, na hata mimi anipe, nimeelewa.

Nisalimie mjukuu wangu, mwambie babu hapayuki tena karakana, ila akija atampayukia yeye. Msalimie mama mkwe wako na yule shemeji yako mwenye miguu mirefu. Shangazi yako ukipata mtu wa kwenda kwake mpe habari, ila usimwambie habari ya kikombe, atacheka. Mungu awaweke chini ya paa lisilovuja, na mkono unaokuinulia kichwa usichoke.

Hapa chini ndipo ninapozoea kuandika majina yangu yote. Mama yako amefumbua jicho moja, anasema niyaandike. Nimemwambia karatasi imejaa.

Wako akupendaye,
Baba yako.