Lango la Bwawa la Pili

Guangzhou, China

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Mimi mwili hauna neno, ila moyoni nina donge.

Unamkumbuka Bi. Lin, mwalimu anayenisimamia, niliyekuandikia kwamba nimepata mama wa huku? Futa hayo maneno.

Hapa ninapofanyia mafunzo tunatunza sili, mnyama wa bahari za baridi mwenye sharubu kama paka. Wenzake wanakwisha kwa kuwindwa. Basi jike wetu akazaa, mama! Kitoto cheupe pee. Jike akawa hali kitu cha maana, ananyonyesha tu. Mtoto ananenepa, yeye anakonda. Huachisha baada ya kama wiki nne, manyoya meupe yakinyonyoka. Na katika sisi wote alikuwa akiitikia filimbi yangu tu.

Siku ya kumi na mbili Bi. Lin akaniambia, "Neema, mwite aje bwawa la pili, tumpime uzito."

Nikapiga filimbi. Akamwacha mtoto, akaja. Lango likafungwa nyuma yake, na kitoto kikatiwa kwenye sanduku, kikapambe uzinduzi wa duka jipya la ghorofa sita.

"Bado ananyonya!" nikapiga kelele.

"Laoban kaamua," akajibu. Laoban ndiye tajiri wetu. "Akishanyonyoka manyoya, nani atataka kupiga naye picha?"

Alijua tangu asubuhi. Angemtuma mwingine, jike asingekuja, ndiyo maana akanituma mimi. Mtu ambaye nimekuwa nikimmenyea vitunguu jikoni kwake! Nasikia kitoto kinakataa chupa.

Jumapili nilimsimulia mama wa Kikongo anayetuuzia chakula kule mtaa wa Xiaobei. Akacheka: "Ma soeur, dada yangu, unalilia samaki?" Niliondoka ugali nikiuacha mezani.

Kinachonimaliza ni kwamba jike bado ananijia. Nikipiga filimbi anakuja mbio, samaki hamgusi, anatazama lile lango mpaka naona aibu kusimama pale. Bi. Lin ananisifu, eti mwakani jike akizaa tena nitahitajika. Nimemrudishia filimbi aliyonipa. Huenda nikakosa pa kumalizia mafunzo, usinikasirikie.

Msalimie baba mdogo, na shemeji asiyepokea simu. Dada Tumaini mpe pongezi za kujifungua. Mpakate mtoto kwa niaba yangu, kisha mrudishie mama yake.

Mwanao,
Neema